Kikombe cha Vestina

Usijifanye unafunga kamba za viatu. Ulikuwepo pale Kanoni kwenye sherehe ya zawadi, mwaka ule wa tisini na sita, ukatazama migomba wakati Vestina anadhulumiwa.

Alikuwa ametangazwa mwigizaji bora wa mchezo wa televisheni, ule ambamo kila wiki alimkimbiza mkwewe kwa mwiko. Akasimama, akapiga hatua, akaona nani ameshika kikombe cha ushindi. Mgeni rasmi alikuwa mume wa binti yake. Mkwe wa kweli!

Nawe wajua, kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni.

Vestina akajitupa nyuma ya ngoma kubwa, kanga kichwani. Mkwe naye akageuka haraka, akaupa umati mgongo. Ukacheka mpaka ukashika mbavu, ukidhani mchezo unaendelea.

"Mama, njoo uchukue zawadi!" mshereheshaji akaita.

"Mwambieni akiweke chini aende zake!" Vestina akajibu kutoka nyuma ya ngoma.

"Jamani, huyu mama bingwa!" umati ukashangilia.

Mkwe, bila kugeuka, akakipitisha kikombe nyuma ya mgongo wake. "Pokea, mama."

Vidole vikakigusa. Mkwe akakiachia kwa heshima zote.

"Asante, mwanangu," ikajibu sauti nyembamba. Ilikuwa ya yule jamaa anayeigiza mlevi katika mchezo huohuo, aliyeshika nafasi ya pili.

Hadi leo anakinywea rubisi, pombe yetu ya ndizi, nawe unamsaidia kumaliza mtungi.

Kiweke chini hicho unachokunywa. Nenda sasa hivi, kamnyang'anye, ukakiweke mlangoni kwa Vestina. Wewe mwenyewe. Usimtume mkwe.