Chumba cha Msuguano

Mwalimu mstaafu wa fizikia alibonyeza ukuta kwa kidole, plasta ikamdondokea kwenye kiatu. Akaguna.

"Na hiki nacho mnakiita chumba?"

Mwenye nyumba, mama mshonaji, alisema kitapakwa rangi. Mwalimu alikwisha kumweleza tangu mlangoni kwamba chumba si chake. Anamtafutia mwanafunzi wake wa zamani, kijana wa heshima zake. Yeye mwenyewe asingekanyaga mtaa kama huu.

Basi akazunguka mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, nyodo hazina breki, akikidharau kila alichokiona: dirisha finyu, sakafu yenye nyufa, choo cha kuchangia na wapangaji wengine. Hata hivyo alipima kwa hatua kama kitanda cha watu wawili kingeenea, na akarudia kuuliza kama paa linavuja, maana vitabu havitaki unyevu.

Kilichomchekesha zaidi ni jina la mtaa.

"Msuguano," alisema, akilitamka kama anayetema mbegu. "Mama, unajua msuguano ni nini?"

"Ni hapa, mwalimu."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha, kwa sauti aliyowawekea wanafunzi wazito, akamfundisha kwamba msuguano ni nguvu inayopinga mwendo. Ndiyo maana, alisema, watu wa hapa hawaendi mbele; wanazaliwa humu, wanasuguana humu humu, wanazikwa humu.

Mshonaji alivua futi ya kupimia nguo shingoni akaikunja taratibu. Chumba kilikuwa kitupu tangu mwezi uliopita, na alihitaji mpangaji kufa na kupona. Lakini kuna maneno hayamezeki.

"Kamwambie kijana wako atafute kwingine," alisema. "Mwalimu wake amemharibia."

Mwalimu alisimama pale muda mrefu kuliko inavyompasa mtu aliyefukuzwa. Halafu akanyoosha tai yake, akatoka kichwa juu.

Kwenye kona ya barabara mkokoteni ulikuwa umeegeshwa, umesheheni kitanda, sufuria na maboksi ya vitabu. Juu ya godoro alikaa mkewe, amejitanda kanga kichwani kujikinga na jua.

"Baba watoto, tumepata?"

"Nimekikataa," alisema mwalimu.