Nakuja

Siku hizi mlango wa nyumba haukufungulii mpaka uuambie unakwenda wapi na utarudi lini. Kila ulipomuuliza, Mashavu alimkumbuka Tabu, msichana wa riwaya aliyoisoma utotoni mpaka jalada likabanduka. Tabu aliacha sufuria motoni, akasema, “Nakuja,” kama anayetoka mara moja tu, asirudi tena maishani. Mashavu alimsomea bintiye Raya riwaya hiyo hiyo, na wakifika hapo walicheka kila mara.

Mchana mmoja, akisonga ugali, alisikia mlango ukiuliza, “Unakwenda wapi, Raya?”

“Nakuja,” Raya akajibu.

Mlango, ambao haujapata kusoma riwaya, ukafunguka.

Mashavu akatabasamu. Kisha akaukimbilia na mwiko mkononi, akaukuta umeshajifunga.

“Na wewe, Mama Raya,” ukamuuliza kwa upole, “unakwenda wapi?”