Kanda za Mwalimu Helena

Mwalimu Emmanueli alisimama nje ya dirisha la maktaba, akamsikia mtoto akitaja jina la mjomba wake. Kisha akamsikia mtoto yuleyule akilitaja tena, na safari hii midomo yake ilikuwa imefumbwa.

Ilikuwa mashine ya kunasa sauti. Ililetwa katika shule hiyo ya Ziwani mwanzoni mwa mwaka 1972, na Mwalimu Helena, mwenyeji wa Bukoba aliyekabidhiwa maktaba, akaipangia kazi mara moja. Wanafunzi wengi walikuwa watoto wa Wamakonde waliokimbia vita vya Mreno ng'ambo ya Ruvuma. Walisema "ntoto" na "nkono". Kila alasiri mmoja wao alijieleza mbele ya mashine, kisha akajisikiliza na kujisahihisha. Sabina alipojisikia mara ya kwanza aliwaambia wenzake kwamba huyo si yeye, ni bibi yake mwenye mafua. Wakacheka mpaka Helena akawatoa nje.

Emmanueli hakucheka. Alifundisha siasa, na ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ya ulinzi ya shule.

Aliwauliza watoto wanasema nini mbele ya mashine. Walimjibu kwamba wanajitambulisha tu, kama walivyofundishwa nyumbani. Kwa Wamakonde mtoto ni wa mjomba. Hajajitambulisha mpaka amemtaja mjomba wake na mahali anapokaa. Wajomba wengi walikuwa wamebaki ng'ambo, porini, na bunduki mikononi.

Mengine Emmanueli aliyaona mwenyewe. Helena alizifungia kanda kabatini na kuuvaa ufunguo shingoni. Mara kwa mara alikwenda mjini peke yake na mkoba, akidai amefuata betri dukani kwa Nazarali. Waliotoka ng'ambo aliwarekodi zaidi kuliko wenyeji.

Emmanueli alipompelekea tuhuma zake, Mwalimu Mkuu, Josephu, aliwaita wote wawili ofisini na kufunga mlango. Alijua tuhuma ya kumpelelezea Mreno haiishii kwenye barua ya onyo. Helena angewekwa kizuizini, na huenda asionekane tena.

"Mwalimu Helena," Emmanueli alisema, "ni nani anayehitaji kujua mjomba wa Sabina analala kijiji gani?"

Helena alieleza kwamba kwao mtoto hutajwa kwa ukoo wa baba, kwa hiyo habari za wajomba hakuzitilia maanani. Alichosikiliza yeye ni matamshi. Kanda alizifungia kwa sababu kila mwezi watoto walizisikiliza upya kupima maendeleo yao, na waliotoka ng'ambo ndio waliohitaji mazoezi zaidi. Emmanueli alimtazama Josephu, akatabasamu kidogo.

Helena aliuvua ufunguo shingoni. "Kama tatizo ni hayo majina, nizifute zote sasa hivi, mbele yenu."

Josephu alionekana kupata nafuu. Alikuwa ameshafungua kinywa kukubali.

"Ushahidi haufutwi, Mwalimu Mkuu," Emmanueli alisema. "Akizifuta leo, kesho utakaa wewe kwenye hicho kiti chake."

Josephu alimwambia Helena asizifute.

Wakakubaliana kwamba Emmanueli azipeleke kanda polisi Mtwara, kwa baiskeli, kimyakimya, watoto wasije wakapata hofu. Aliuliza kama kuna nakala popote. Hakukuwa na nakala. Aliomba pia mashine yenyewe, maana polisi hawawezi kuzisikiliza kanda kwa masikio matupu. Josephu aliona hoja hiyo ina mantiki, akaifunga mashine kwenye gunia kwa mikono yake.

Helena alirudi nyumbani akapanga nguo zake sandukuni. Alivaa viatu, akakaa mlangoni kuwasubiri polisi. Jirani yake Martha alimletea uji, akamwambia mtu asiye na kosa hafungi mizigo. Helena alimjibu kwamba mtu asiye na kosa ndiye asiyejua ataulizwa nini.

Jua lilizidi kupanda, na polisi hawakutokea.

Ng'ambo ya Ruvuma, afisa wa Kireno alimvutia Emmanueli kiti, akamwita kwa jina ambalo Ziwani hakuna aliyelijua, akabonyeza kitufe cha mashine. Sauti ya Sabina ikaanza, kwa Kiswahili kilichonyooka, na mkalimani hakulazimika kuomba irudiwe hata mara moja.