Kompyuta ya Mama Apua

Kitu gani unachokikataa leo, na kesho kinarudi na swali lile lile? Kompyuta ya Nabei. Kila alipoiwasha ilimuuliza kama aiwekee mfumo mpya, naye kila mara akabonyeza "Baadaye", haraka kama anayegusa nge.

Asubuhi hiyo haikumpa nafasi ya baadaye. Iliwaka, ikakoroma kama feni iliyojaa mchanga, ikazimika. Nje walimu wa shule ya Kanamkemer walikuwa wakingoja mitihani ichapishwe. Kibanda chake cha kupiga picha na kuchapisha ndicho kilichomlisha yeye na Apua, mtoto aliyempata ukubwani, majirani wakiwa wamekwisha kuchoka kumwita tasa.

Akamwita Elie, fundi Mkongomani aliyekuwa amekuja Lodwar kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Elie akaifungua, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa. Mashine imezeeka, alieleza. Ama iwekwe mfumo mpya leo, ama ife siku yoyote na kila kilichomo.

Nabei akauliza vilivyomo vitakwenda wapi.

"Unaogopea nini, Mama Apua? Picha za mtoto?"

Ilikuwako picha moja, ya Apua akiwa hajafikisha miaka miwili. Nabei aliifuta zamani, kwa mkono wake mwenyewe, na mpaka leo kila akiikumbuka usingizi unamruka.

"Kama ni za kupotea, zipotee," alisema. "Futa vyote, uanze upya."

Elie akamhurumia. Walipokimbia kwao, alimwambia, hawakubeba hata picha moja ya mama yake, na sasa sura yenyewe inaanza kumtoka. Hakubali mzazi mwingine apatwe na hayo.

"Nitaokoa byote, mama. Hata bile ulifuta."

Mkono wa Nabei ukaenda hadi kwenye waya wa umeme, ukasita hapo. Akiung'oa sasa, mashine imekufa. Na ikifa, Apua atakula nini?

Akaurudisha mkono mapajani. "Haya. Weka."

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo. Jasho likamshuka Nabei mgongoni. Midomo yake ilicheza kwa sala, na Elie akamwambia asiwe na wasiwasi, Mungu anasikia. Nabei alikuwa akiomba umeme ukatike. Umeme wa Lodwar, unaokatika kwa upepo mdogo tu, siku hiyo ulisimama imara.

Apua akaingia kutoka shule, sare imejaa vumbi. "Ejok, fundi," akasalimu, akaegemea bega la mama yake. Nabei akamtuma dukani akalete sukari. Akasema atakwenda, akabaki palepale, macho kwenye kioo.

Picha zikaanza kurudi moja moja: maharusi, sura za vitambulisho, beberu wa mtu aliyetaka kumuuza.

"Si nilikuambia?" Elie akasema kwa furaha, akaikuza moja ikajaa kioo chote. Kisha akaachia kipanya.

Pichani, mwanamke wa kambini alikuwa amempakata mtoto mdogo. Juu yao kulikuwa na maandishi mekundu ya tangazo lililoletwa kuchapishwa: MTOTO HUYU AMEPOTEA KAKUMA. MAMA YAKE ANAMTAFUTA.

Apua akaisogelea picha, akacheka.

"Mama, huyo mtoto ni mimi. Na huyo aliyenipakata ni nani?"