Kondoo Mwenye Hina

Kondoo hakuwapo. Kamba yake ilikuwa imezungushwa vizuri kwenye kigingi, na Vedat, jicho moja limevimba hadi kufunga, alisimama uani akiitazama kwa uchungu.

Alijua maana yake. Mama yake, Bi Gülizar, alimnunua dume huyo pambano la Vedat la ubingwa wa ngumi wa Ulaya lilipotangazwa, akampaka hina kwenye paji la uso, akaweka nadhiri. "Mungu akinipa nilichomwomba, namchinja. Asiponipa, anarudi kwa mchungaji."

"Utachinja tu, mama," Vedat alimtania siku ile. "Huyo Mjerumani hafiki mbali. Ila safari hii nami nionje nyama."

"Nyama ya nadhiri mwenyewe haili, wala watu wa nyumba yake. Ulipopata ubingwa wa taifa ulikula nini?"

"Maharage. Na mtaa mzima unanukia mchuzi."

Gülizar hakucheka. Alikuwa akimlisha mumewe, Rüstem, ambaye naye zamani alikuwa bondia wa uzito wa juu. Siku hizi mzee hawezi kushika kijiko. Kila asubuhi humwuliza Vedat, kwa adabu kabisa, "Wewe ni mtoto wa nani, kijana?"

Basi jana, huko Istanbul, Mjerumani alimlaza chini raundi ya pili. Daktari akampima kichwa, akasema huyu hapandi tena ulingoni. Kwenye basi la kurudi Ordu Vedat alilia kimya kimya, uso kaugeuzia dirishani. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Mkono mtupu haulambwi, na mama yake alikuwa amemwombea kwa moyo wake wote. Angemtazamaje?

Mlangoni akapishana na jirani, Bi Şükran, akitoka na bakuli lililofunikwa.

"Vedat mwanangu," alisema huku akitazama pembeni, "hata sijui nikupe pole au hongera."

Vedat akaona anasimangwa. Akampita, akaingia ndani.

Jikoni sufuria kubwa ilikuwa inatokota. Mama yake akaacha mwiko, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akalichunguza lile jicho kwa muda.

"Ni kweli walivyosema kwenye simu? Hupandi tena?"

"Sipandi tena, mama. Nisamehe."

Gülizar akashusha pumzi, akambusu kwenye paji la uso. Vedat akazidi kuona aibu.

Harufu ya nyama ikamkumbusha kwamba hajala tangu jana. Akamega mkate, akaunyoosha mkono kwenye sufuria.

Mama yake akaudaka.

"Hiyo ya majirani," alisema.

Akafunika sufuria, kisha akaleta mezani mabakuli matatu ya maharage: la Rüstem, la Vedat, na la kwake mwenyewe.