Kunguru Mpiga Debe na Kokoto Nyeusi

Palikuwa na Kakakuona, msiri hata kwa kivuli chake. Basi alipigwa na butwaa siku Kunguru, mpiga debe wa Fisi, alipotua mlangoni pake na kumuuliza:

“Bi Kakakuona, mwanao wa pili amepona kikohozi? Na mchwa uliowaficha chini ya gogo, watakufikisha masika?”

“Jamani! Nani kakwambia?”

“Mheshimiwa Fisi anakujua kuliko mama yako. Haya, kura yako ni ya nani?”

Kakakuona akazidi kushangaa. “Ajabu! Yote hayo anayajua, na hili moja limemshinda?”

Siku ya kura, kila mnyama aliingiza ngumi kichuguuni, akaachia kokoto humo humo: nyeupe ya Swala, au nyeusi ya Fisi.

Nyeusi ilipatikana moja tu. Fisi aliitambua, maana ni yake. Akageuka taratibu, akamtazama Kunguru.