Kipande Kimoja

Mshamu, aliyetangulia kwenye kituo kipya cha kazi, alitaka gari lake lisafirishwe juu ya lori. Barabara ile ndefu ingelichakaza. Mkewe Sakina akalipeleka kwenye ofisi ya mizigo. Karani wa mizigo akaanza kuorodhesha vilivyomo: jeki, tairi la akiba. Kisha akachomoa kanga chini ya kiti.

"Kanga nyekundu, kipande kimoja. Yako, dada?"

Kanga huuzwa doti, vipande viwili, na doti hii Sakina hakuwahi kuwa nayo. Kipande cha pili amejifunga nani?

"Yangu," alisema.

Akaifunga kwenye usukani mafundo matatu, akayakaza mpaka vidole vikamuuma. Huko liendako, Mshamu itambidi ayafungue moja moja kabla hajakata kona.